Kope Iliyolegea Si Ngozi Tu

Wengi hapa Mwanza hudhani upasuaji wa urembo wa kope huinua jicho lolote lililolegea. Sivyo. Huondoa ngozi iliyozidi; msuli uliolegea una upasuaji wake, na weusi chini ya macho hubaki.

Daktari huchora alama ukiwa umeketi, kisha hudunga ganzi. Kukata sana ndiko kosa baya: kati ya nyusi na ukingo wa kope zibaki takriban milimita 20 za ngozi, la sivyo jicho halifungi, linakauka. Nyuzi hutolewa siku ya 5 hadi 7. Mchuuzi wa soko la Kirumba asibebe ndoo za dagaa kwa wiki 2.

Maumivu makali, jicho kutokeza au kuona giza? Hospitali mara moja, hata usiku: damu ikivuja nyuma ya jicho huweza kupofusha.