Paneli ya sola hutumia mwanga, si joto

Wengi huamini kwamba jua likichoma sana, sola hutoa umeme mwingi zaidi kwa sababu ya joto. Sivyo. Paneli hutumia mwanga. Joto huipunguzia nguvu. Wati zilizoandikwa mgongoni mwake hupimwa seli, yaani vipande vyake vinavyozalisha umeme, zikiwa na nyuzijoto 25 za Selsiasi. Kila nyuzi inayozidi hapo, paneli nyingi za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.3 hadi 0.5 ya nguvu hiyo. Seli zikifika nyuzi 65 saa saba mchana, jambo la kawaida kabisa, asilimia 12 hadi 20 imeshakwenda. Ndiyo maana nasisitiza: usiibandike kwenye bati, iachie upenyo wa hewa chini. Udhaifu mkubwa wa sola ni usiku. Bwawa la umeme huweza kufunguliwa maji usiku, watu wakiwasha taa. Lakini sola bila betri huzimika saa hizo.