Sindano ya uzito ya kila wiki: usiikimbize dozi

Swali ninaloulizwa kuliko yote dirishani, tena huja mapema sana, ni hili: "Daktari, nimeshachoma wiki mbili na mizani haijasogea. Niongeze?" Mimi ni mfamasia, lakini watu wakishaona koti jeupe hawajali tofauti. Jibu langu ni hapana, na nitaeleza kwa nini, kwa sababu matatizo mengi ninayoyaona kwa wanaotumia sindano hizi huanzia hapo kwenye haraka.

Dozi ya kwanza haikuwekwa ili ikupunguze uzito. Semaglutaidi, ambayo kwa ajili ya uzito inauzwa kwa jina la Wegovy, huanza na miligramu 0.25 mara moja kwa wiki. Baada ya wiki nne unapanda hadi 0.5, kisha 1, kisha 1.7, mpaka 2.4. Tirzepataidi, yaani Zepbound, huanza na miligramu 2.5 na kupanda kwa 2.5 nyingine kila zinapopita wiki nne au zaidi, kikomo chake kikiwa 15. Ngazi hizi za mwanzo kazi yake ni kulizoesha tumbo. Wapo wanaoanza kukosa hamu ya kula tangu wiki ya kwanza, na wapo wasiohisi chochote mwezi mzima. Wote wawili wako sawa.

Dawa zenyewe zinaiga homoni ambayo tayari unayo. Ukishakula, utumbo hutoa homoni iitwayo GLP-1, ambayo huiambia kongosho itoe insulini, huchelewesha chakula kutoka tumboni na hupeleka taarifa ya shibe kwenye ubongo. Tatizo ni kwamba ile ya asili haidumu: ndani ya dakika mbili hivi nusu yake imeshavunjwavunjwa. Wanasayansi walihangaika miaka mingi kutafuta inayokaa. Dawa ya kwanza ya jamii hii, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005 kwa ajili ya kisukari, ilitokana na utafiti wa mate ya mjusi mmoja wa jangwani mwenye sumu, na ilikuwa ya kuchoma mara mbili kwa siku. Semaglutaidi imeunganishwa na mkia wa mafuta unaoifanya ishikamane na protini za damu, ndiyo maana mwili huchukua karibu wiki nzima kuiondoa nusu yake. Tirzepataidi huchukua kama siku tano, nayo huiga homoni mbili badala ya moja.

Sasa piga hesabu. Unapojichoma wiki ya pili, karibu nusu ya semaglutaidi ya wiki ya kwanza bado imo mwilini. Ya tatu inapanda juu ya hizo. Kiwango cha dawa kwenye damu hakitulii mpaka ipite wiki ya nne au ya tano. Kwa hiyo anayetaka kuongeza wiki ya pili hajaiona bado nguvu ya dozi aliyonayo, na akiongeza, kichefuchefu kitakachomjia hakitaisha kesho. Hakuna dawa ya kuitoa ile iliyokwisha kuingia. Ni kusubiri tu siku zipite.

Jambo la pili nalisema hata wenzangu wengine hawalipendi: si lazima ufike juu kabisa. Ratiba inakuambia ni lini unaruhusiwa kupanda. Kama dozi uliyonayo imekutuliza, yale mawazo ya chakula yaliyokuwa yanakuzunguka kutwa yamepungua, unaridhika na nusu ya sahani na uzito unashuka wiki hadi wiki, muulize daktari aliyekuandikia kama kuna sababu ya kuondoka hapo. Tazama utafiti mkubwa wa tirzepataidi uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha watu 2,539 kwa wiki 72. Waliotumia miligramu 5 walipungua kwa wastani wa asilimia 15. Waliotumia 10 walipungua asilimia 19.5, na waliotumia 15 asilimia 20.9. Waliochomwa plasebo, yaani sindano isiyo na dawa, walipungua asilimia 3.1. Ukitoka 10 kwenda 15 umeongeza dawa kwa nusu yake, na ulichopata kwa wastani hakifiki hata asilimia mbili. Kwa mtu mmoja hizo mbili ni muhimu. Kwa mwingine anayetapika kila Jumatatu, hapana.

Semaglutaidi ya miligramu 2.4, katika utafiti wa watu 1,961 uliochapishwa mwaka 2021, ilipunguza wastani wa asilimia 14.9 kwa wiki 68. Neno wastani lisikupite. Wapo waliopungua zaidi ya asilimia 20, na wapo ambao dawa haikuwafanyia kitu cha maana. Halafu, katika tafiti zote hizi, watu walishauriwa pia kuhusu mlo na mazoezi. Hakuna aliyepewa kalamu, yaani kile kifaa cha kujichomea chenye umbo la kalamu, akaachwa.

Madhara yanayosumbua wengi ni ya tumbo: kichefuchefu, kutapika, kuharisha, kufunga choo, kiungulia. Kwa kawaida hukolea siku chache baada ya dozi kupandishwa, kisha hupoa. Nimegundua kuwa wengi wanaoteseka wanakula kama zamani huku tumbo likifanya kazi polepole kuliko zamani. Chakula cha mchana bado kimo, wanashindilia cha jioni. Punguza sahani kabla ya kuanza kula, tafuna taratibu, na ukihisi dalili ya kwanza ya shibe weka kijiko chini hata kama kimebaki kidogo. Vyakula vya mafuta mengi ndivyo vinavyokaa sana tumboni, basi siku mbili tatu baada ya sindano viepuke. Usilale mara baada ya kula. Maji kunywa kidogo kidogo mchana kutwa, kwa kuwa hamu ya kula ikiisha, kiu nayo watu huisahau, na hapo ndipo choo kinapofunga na kichwa kinapouma. Anayetapika au kuharisha mfululizo asijikaze kisabuni: upungufu wa maji unaweza kuumiza figo.

Kuna maumivu ambayo hayasubiri miadi. Maumivu makali ya juu ya tumbo yasiyoachia, hasa yakipenya mpaka mgongoni, yanaweza kuwa ya kongosho kuvimba. Usijichome tena, nenda hospitali. Maumivu chini ya mbavu za kulia yenye homa au macho kuwa ya manjano yanaelekeza kwenye mawe ya nyongo, ambayo huongezeka kwa yeyote anayepungua haraka, awe anatumia sindano au la.

Kuchoma kwenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyoogopa. Sindano ni fupi na nyembamba, inaingia kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi: tumboni ukiacha nafasi ya vidole vitatu hivi kuzunguka kitovu, mbele ya paja, au nyuma ya mkono wa juu ukiwa na wa kukusaidia. Badilisha sehemu kila wiki. Itoe kalamu kwenye friji mapema kidogo, maana dawa ya baridi huuma zaidi. Tazama kidirisha: dawa iwe safi kama maji, isiyo na chembe. Kalamu za dozi nyingi huwekwa sindano mpya kila mara, na hapa ndipo watu wanapopoteza dawa. Unabonyeza, namba inarudi kwenye sifuri, unachomoa papo hapo, halafu unaona tone linachuruzika kwenye ngozi. Hilo tone ni sehemu ya dozi yako. Namba ikifika sifuri, endelea kubonyeza na uhesabu taratibu hadi sita ndipo uchomoe. Kisha itoe ile sindano uitupe kwenye chombo kigumu chenye kifuniko. Usiihifadhi kalamu ikiwa na sindano. Na kalamu haiazimwi, hata mke na mume, hata kama sindano imebadilishwa.

Kalamu ambazo hazijaanza kutumika zinakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na kile kisehemu cha barafu. Ikiganda, itupe, hata kama imeyeyuka na inaonekana nzima. Nje ya friji kila aina ina siku zake, na zimeandikwa kwenye karatasi iliyo ndani ya boksi ambayo wengi huitupa bila kuikunjua.

Kalamu naziamini. Ninachokiogopa ni vichupa vinavyouzwa mitandaoni, vya kuvuta dawa mwenyewe kwa bomba la insulini. Bomba hilo limewekwa alama za yuniti, na yuniti si miligramu. Chukua kichupa chenye miligramu 5 ndani ya mililita 2. Dozi ya kuanzia, miligramu 0.25, ni mililita 0.1, yaani yuniti 10. Mwezi unaofuata muuzaji anakutumia kichupa kingine, miligramu 5 zilezile lakini ndani ya mililita 1. Ukivuta yuniti 10 kama ulivyozoea, umejichoma mara mbili. Na kama kichwani ilikaa ile 0.25 ukavuta mpaka alama ya 25, kwenye kichupa hiki cha pili umejichoma miligramu 1.25, dozi mara tano. Haya hayatokei kwenye karatasi tu: mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari baada ya kupokea taarifa za watu waliojichoma semaglutaidi mara tano hadi ishirini ya kile walichoandikiwa, wengine wakaishia hospitali. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani nalo likatahadharisha kuhusu semaglutaidi bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Ukiona bei ni ya ajabu na hakuna anayekuuliza cheti cha daktari, umeshajibiwa.

Cheti chenyewe hakiandikwi kwa kila anayetaka suruali yake ya zamani. Kwa kawaida dawa hizi ni za mtu mzima mwenye BMI (kipimo cha uzito kulinganisha na urefu) ya 30 au zaidi, au kuanzia 27 akiwa na ugonjwa unaoambatana na uzito kama presha ya kupanda, lehemu nyingi au kisukari. Aliyewahi kuugua saratani ya tezi ya thairoidi ya aina ya medula, au mwenye ndugu wa damu aliyeiugua, hazimfai. Aliyewahi kuvimba kongosho aseme kabla. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kuisukuma kongosho huenda akahitaji kupunguziwa hivyo, asije akashukiwa na sukari ghafla. Mama mjamzito hatumii. Anayepanga kushika mimba aache semaglutaidi angalau miezi miwili kabla. Na hili wanawake wengi hawaambiwi: tirzepataidi inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, hivyo ongeza kinga nyingine kwa wiki nne unapoanza na kila unapopandisha dozi. Mimba zisizotarajiwa huja kwa njia hii, tena kwa mtu ambaye kupungua kwenyewe kumeshamrahisishia kushika mimba.

Ukisahau siku yako, usichome mbili kufidia. Kwa Wegovy, kama dozi inayofuata iko mbele kwa zaidi ya saa 48, choma unapokumbuka. Kama ni chini ya hapo, iruke. Kwa Zepbound una siku nne tangu siku uliyosahau. Zikikupita kadhaa mfululizo, mpigie aliyekuandikia kabla ya kurudi kwenye dozi kubwa, kwa kuwa tumbo limeshasahau na pengine itabidi uanze ngazi ya chini.

Swali la kuacha huja baadaye, mtu akishafika alikokuwa anakwenda. Waliofuatiliwa baada ya ule utafiti wa semaglutaidi walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza, mwaka mmoja tu baada ya kuacha. Njaa ilirudi kwa sababu kilichokuwa kinaizuia kiliondolewa, na mwenye kurudisha asijilaumu kuwa ni mlafi. Daktari anayekuanzishia anapaswa kukuambia mapema kwamba matumizi yake ni ya muda mrefu, kama za presha, na ninyi wawili mzungumzie gharama za miaka kabla ya kununua ya mwezi wa kwanza. Kingine cha kulinda ni misuli, maana si mafuta peke yake yanayopungua. Anza mlo na protini kabla hujashiba, na mara mbili tatu kwa wiki nyanyua kitu kizito. Wazee ndio ninaowasisitizia zaidi, kwa sababu misuli ikienda, kuanguka hakuko mbali.

Mwisho, ukipangiwa upasuaji au kipimo chochote cha kulazwa usingizi, hata kama ni jino, mwambie daktari wa usingizi siku kadhaa kabla kwamba unatumia sindano hii. Kwa kuwa tumbo linachelewa kujisafisha, chakula kinaweza kuwa bado kimo hata kama umefunga kula usiku kucha, na kikipanda ukiwa umelala kinaweza kuingia kwenye mapafu. Atakuuliza mara ya mwisho ulijichoma lini na dozi gani. Mpe tarehe, na namba ya miligramu kama ilivyoandikwa kwenye boksi.