Je, wajua kwa nini bia ya asili ya Kiingereza haiwekwi kwenye friji?

Ukiketi baa yoyote ya Tanzania au Kenya, mhudumu atakuuliza: baridi au moto? Kwenye pabu ya Uingereza inayouza bia ya asili, swali hilo halina nafasi. Bia inapandishwa kutoka chumba cha mapipa kilicho chini ya sakafu, ikiwa na nyuzijoto 11 hadi 13, gesi yake ni ndogo, na povu lake ni jembamba. Mgeni aliyezoea chupa yenye barafu huonja na kulalamika kwamba ni ya moto na imekwisha gesi. Lakini bia hiyo imepikwa iwe hivyo, na sababu kubwa ni kwamba bado iko hai ndani ya pipa.

Bia tunazozijua zaidi Afrika Mashariki ni za aina ya laga. Hata Tusker, inayotengenezwa na kampuni iliyoanzishwa na walowezi wa Kiingereza mwaka 1922, ni laga. Hamira ya laga hufanya kazi polepole kwenye baridi, kisha bia hupumzishwa wiki kadhaa karibu na nyuzijoto sifuri. Bia ya jadi ya Kiingereza ni eili. Hamira yake hupenda nyuzijoto 18 hadi 22, humaliza kazi kubwa kwa siku chache tu, na huacha harufu za matunda ambazo laga haina. Ukiigandisha eili, harufu hizo hujificha na ulimi hubaki na uchungu mtupu. Hilo ni jambo la kusikitisha, maana utamu wa kimea na harufu ya matunda ndivyo vilivyomfanya mpishi ahangaike.

Sasa tuingie kwenye pipa. Kiwandani, laga nyingi huchujwa, hupashwa moto kidogo kuua vijidudu, kisha huongezewa gesi. Eili ya pipani haifanyiwi hata kimoja kati ya hivyo. Hujazwa pipani ikiwa na hamira yake, na uchachukaji wa pili huendelea humo humo. Anayejua mbege ya Kilimanjaro atanielewa haraka: kinywaji kinachoendelea kuchachuka hadi siku ya kunywewa, chenye siku zake za utamu na siku ya kuharibika. Tofauti ni kwamba mbege hunywewa na machicha yake, ilhali Mwingereza anataka bia angavu. Kwa hiyo, kwa kawaida pipa hutiwa utomvu unaotokana na mabondo ya samaki, kiungo kile kile ambacho wavuvi wa sangara wa Ziwa Victoria hukiuza kwa bei nzuri. Utomvu huo hunasa hamira na kuishusha chini.

Juu ya pipa kuna tundu, na mtunza mapipa hulichomeka kijiti cha mti laini unaopitisha hewa. Gesi iliyozidi hutokea hapo. Kwa nyuzijoto 12, lita moja ya bia hubaki na gesi ya lita moja na kidogo, wakati laga ya chupa hubeba karibu lita mbili na nusu. Hapo ndipo uchache wa povu unapotokea. Bia huvutwa kwa pampu ya mkono bila kusukumwa na gesi, na kila inapopungua, hewa ya kawaida huingia pipani. Hewa hiyo ndiyo huichakaza: pipa likishafunguliwa lina kama siku tatu. Ndiyo maana pipa la kawaida lina lita 41 tu, painti 72, ili liishe mapema. Pabu yenye wateja wachache haiwezi kuuza eili nzuri, hata mwenyewe awe na bidii namna gani.

Kazi hii nusura ipotee. Miaka ya 1960 viwanda vikubwa vya Uingereza vilisukuma bia iliyochujwa na kutiwa gesi, kwa sababu haihitaji mtunzaji stadi. Mwaka 1971 vijana wanne wa Kiingereza, wakiwa likizoni Ireland, walianzisha chama cha kuitetea eili ya pipani. Leo kinaitwa CAMRA, na binafsi naona ni miongoni mwa harakati za wanywaji zilizofanikiwa kuliko zote.

Wapishi wa nyumbani nao wana historia yao. Tangu 1880 Mwingereza alihitaji leseni kupika bia kwake. Leseni hiyo ilifutwa 1963, mradi asiuze. Wengi huanza na bita, eili ya rangi ya shaba yenye kilevi cha asilimia 4 hivi. Kwa lita 20 unahitaji kilo tatu na nusu za kimea cha shayiri, ikiwemo robo kilo ya kimea kilichokaangwa. Kiloweke kwa nyuzijoto 66 kwa saa moja, kisha chuja. Chemsha maji yake saa nyingine pamoja na gramu 50 za hopsi, yaani maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu, za aina ya Goldings kutoka Kent, Uingereza, na ongeza gramu 20 mwishoni kwa harufu. Poza hadi nyuzijoto 20, tia hamira, funika.

Maji usiyadharau. Mji wa Burton upon Trent ulipata sifa kwa visima vyenye jasi nyingi, ambayo huupa uchungu wa hopsi makali safi. Maji ya London, yenye kaboneti, yalifaa zaidi bia nyeusi ya pota. Wapishi wengi wa leo hutia kijiko cha jasi kwenye maji laini.

Baada ya wiki moja au mbili, hamira ikishatulia kabisa, jaza chupa na gawanya humo gramu 50 za sukari kwa lita zote 20. Ukizidisha sana, chupa zitapasuka. Ziache sehemu yenye joto la chumba kwa wiki mbili, kisha zipoze kidogo tu: usiku wa Julai pale Nairobi hushuka hadi nyuzijoto 12 hivi, kwa hiyo chupa iliyolala kibarazani inatosha. Mimina taratibu, na acha kidole kimoja cha bia chini pamoja na hamira.