Fosfolipasi na jeni zake: maswali na majibu

Fosfolipasi ni kitu gani?

Kila seli ya mwili imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta yaitwayo fosfolipidi. Molekuli moja ya fosfolipidi ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Molekuli hizi zikijipanga safu mbili, mikia ndani na vichwa nje, tayari utando umesimama. Fosfolipasi ni vimeng'enya vinavyozikata, na herufi kwenye jina inakuonyesha pa kukata: A1 hukata mkia mmoja, A2 mkia wa pili, B yote miwili. C na D huuacha mwili wa molekuli na mikia yake na kushughulika na kichwa. C huondoka na fosfati, sehemu inayounganisha kichwa na mwili huo, D huiacha.

Kwa nini mwili uchane utando wake wenyewe?

Kwa sababu utando ni ukuta na ni ghala pia. Mkia wa pili mara nyingi huwa ni asidi ya arakidoni. A2 ikiukata, vimeng'enya vingine viitwavyo COX huugeuza kuwa prostaglandini, zile kemikali zinazopandisha homa, zinazovimbisha na kuleta maumivu. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia utengenezaji huo, na mwaka 1982 akawa miongoni mwa waliopata Tuzo ya Nobel. Dawa za steroidi huingilia mapema zaidi, kwa kupunguza arakidoni inayotolewa ghalani, ndiyo maana athari zake ni pana, nzuri na mbaya.

Kazi hiyo inaonekanaje maabara?

Njia moja ya zamani bado inanivutia. Chukua sahani ya kuoteshea bakteria iliyochanganywa na kiini cha yai, kwani kiini kimejaa fosfolipidi. Ukiotesha humo bakteria wa kidonda kinachooza na kujaa gesi, Clostridium perfringens, kila kundi lao hujizungushia duara la ukungu mweupe. Hiyo ni fosfolipasi C ikikata. Paka nusu ya sahani kingasumu, na upande huo duara halitokei. Mwaka 1941 ndipo ilipotambuliwa kuwa sumu ya bakteria hao ni kimeng'enya.

Siku hizi watafiti huzima jeni moja kwa panya, kisha hutazama kinachoharibika. Lakini hata hapo kuna mitego. Mwaka 1995 iligundulika kwamba aina ya panya inayotumika sana maabara, C57BL/6, ilikuwa imezaliwa na jeni mbovu ya mojawapo ya fosfolipasi A2, na panya hao walikuwa wametumika miaka mingi bila mtu kujua. Ukisoma habari ya "dawa imeponya panya", ulizia kwanza ni panya gani.

Kwa hiyo kuna jeni ngapi?

Kwa kundi la A2 peke yake, wanyama wanaonyonyesha wana zaidi ya 30. Moja hufanya kazi kwenye kongosho kusaga mafuta ya chakula, nyingine iko kwenye machozi ikiua bakteria, nyingine haitoki ndani ya seli. Mtu akikuambia "punguza fosfolipasi mwilini", muulize ipi.

Jeni hizi zikiharibika, mtoto anaweza kuugua?

Ndiyo, ingawa ni nadra. Jeni iitwayo PLA2G6, iliyo kwenye kromosomu ya 22, ilihusishwa mwaka 2006 na ugonjwa unaoharibu mishipa ya fahamu ya watoto wadogo. Mtoto anakua vizuri, anakaa, pengine anaanza kutembea. Kisha, kati ya miezi 6 na miaka 3, anaanza kupoteza alichokwisha kujifunza. Lazima arithi nakala mbovu mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, na wazazi wenyewe kwa kawaida ni wazima. Kila mimba yao ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuugua. Tiba ya kuuondoa haijapatikana, lakini kipimo cha jeni hukomesha kuzunguka hospitali kwa hospitali kutafuta jina la ugonjwa, na huwapa wazazi fursa ya kushauriwa kabla ya mimba nyingine.

Je, zinahusika na kukosa mtoto?

Hapa pana jambo ambalo ningependa lijulikane zaidi. Mbegu ya kiume ikiingia kwenye yai, haileti DNA peke yake. Inabeba pia fosfolipasi C iitwayo zeta, iliyotambuliwa mwaka 2002. Kimeng'enya hicho hukata fosfolipidi fulani ndani ya yai, kalsiamu iliyohifadhiwa humo ikafunguliwa, na wimbi lake likapita yai zima. Linatulia, linakuja jingine, kisha jingine, kwa saa kadhaa. Mawimbi hayo ndiyo yanayoliamsha yai lianze kugawanyika.

Mwanamume mwenye hitilafu kwenye jeni hiyo, PLCZ1, anaweza kuwa na mbegu nyingi zinazoogelea vizuri, na majibu yake yakaandikwa "kawaida". Hata daktari akidunga mbegu moja moja ndani ya mayai maabara, mayai yanabaki yamelala. Mara ngapi mwanamke amebebeshwa lawama hiyo! Mayai ya wanandoa yakishindwa kurutubika kwa namna hii, waulize kuhusu PLCZ1. Baadhi husaidiwa kwa kuyaamsha mayai kwa kemikali inayoinua kalsiamu.

PNPLA3 ni nini? Nimeisikia ikitajwa kuhusu ini.

Ni jamaa wa ukoo wa fosfolipasi, na jina la ukoo limetokana na patatini, protini ya viazi. Mwaka 2008 iligundulika kwamba badiliko la asidi amino ya 148, yaani kiungo kimoja tu cha mnyororo wa protini hii, huongeza uwezekano wa ini kujaa mafuta. Kurithi badiliko hilo si hukumu. Pombe na uzito huchangia sana, na hivyo vinapunguzika.

Daktari ameniandikia kipimo cha PLA2R. Kimeng'enya changu kina shida?

Hapana, jina linachanganya. PLA2R ni kipokezi, yaani protini ambayo fosfolipasi A2 hujishikiza, kilicho kwenye chujio za figo. Kwa baadhi ya watu kinga ya mwili hukishambulia. Mkojo huwa na povu kwa sababu ya protini, miguu ikavimba. Tangu ugunduzi wa mwaka 2009, kingamwili hizo hutafutwa kwenye damu, na huonekana kwa takriban asilimia 70 ya wenye ugonjwa huo wa figo usio na chanzo kingine.

Je, kuna dawa za kuzuia fosfolipasi?

Zimejaribiwa. Aina moja ya A2 huongezeka kwenye damu ya wagonjwa wa moyo, ikadhaniwa ndiyo mkosaji. Dawa ya kuizuia, darapladib, ilishindwa mwaka 2014. Tena utafiti mkubwa wa Uchina haukukuta nafuu ya moyo kwa watu waliozaliwa na jeni hiyo ikiwa haifanyi kazi. Dawa nyingine, varespladib, iliyolenga A2 za aina tofauti, jaribio lake lilisimamishwa mwaka 2012. Waliopewa walipata mshtuko wa moyo zaidi, si kidogo.

Lakini sumu za nyoka wengi zimejaa fosfolipasi A2, zinazotoboa misuli na kulemaza mishipa ya fahamu, na varespladib huzizuia nyingi maabara. Imekwisha kujaribiwa pia kwa watu walioumwa na nyoka. Kwa leo, aliyeumwa asichanje kidonda wala kukinyonya: atulize kiungo, akimbizwe hospitali yenye dawa ya kuzuia sumu.