Unataka kusimama bila chama 2027? Anza na barua ya kutoka chamani

Tangu ijulikane uchaguzi mkuu wa Kenya ni Jumanne, 10 Agosti 2027, sisi wa elimu ya wapiga kura tunaulizwa sana kuhusu mgombea huru, na karibu kila mtu anauliza sahihi za wapiga kura wanaomuunga mkono ni ngapi. Sawa, tutafika huko. Lakini kwa yale ninayoyaona mezani, shida kubwa ni chama ambacho mtu anadhani alishatoka kitambo.

Kifungu cha 85 cha Katiba kinasema usiwe mwanachama wa chama chochote kilichosajiliwa, na uwe umekaa nje ya chama angalau miezi 3 kabla ya siku ya uchaguzi. Siku ya uchaguzi, si siku ya kupeleka karatasi! Hesabu kurudi nyuma, unajipata mapema Mei. Ndiyo maana wale wanaosema "wacha nijaribu mchujo wa chama kwanza, nikianguka nitasimama huru" wanacheza na kalenda, inawezekana kama mchujo umefanywa Aprili lakini siku zinazobaki ni za kuhesabu kwa vidole.

Sasa, kutoka chama. Ati "niliacha kwenda mikutano", ama "nilipost Facebook nimehama", ama "si kila mtu kijijini anajua". Kijiji hakiweki rejista ya vyama jamani. Unaandika barua kwa chama, na kama tayari ni mbunge ama MCA (mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti) barua nyingine inaenda kwa karani wa bunge lako, na Msajili wa Vyama vya Siasa anajulishwa ndani ya siku 7. Kujiuzulu kunaanza barua ikipokewa, kwa hivyo ile siku uliyoiandika juu ya karatasi haikusaidii. Beba kopi mbili, moja wabaki nayo, ya pili igongwe stempu yenye tarehe na jina la aliyepokea, halafu ile ya pili usimwachie mtu yeyote hata akikuambia ataiweka kwa faili.

Na wewe unayesema hujawahi kuwa kwa chama, angalia pia. Kabla ya uchaguzi wa 2022 Wakenya wengi walishtuka kuona majina yao kwa vyama wasivyovijua. Ingia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, uangalie leo, si wiki ya mwisho.

Haya, sahihi. MCA ni wapiga kura 500 wa wadi ile, mbunge 1,000 wa eneobunge, seneta 2,000 wa kaunti. Rais ni 2,000 kutoka kila kaunti katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47, ndipo tunapata 48,000. Kuleta 48,000 zote za Nairobi ni kazi bure. Kusanya za ziada, maana mtu asiyejiandikisha kupiga kura hapo hahesabiwi hata kama ni mamako mzazi. Na tafadhali, wale wanaokaa chini usiku na kalamu tatu za rangi tofauti wakijaza majina wenyewe: huko ni kughushi, na Kanuni ya Adhabu inasema hadi miaka 3 jela.

Alama yako ya karatasi ya kura unaileta kwa IEBC, tume ya uchaguzi, angalau siku 21 kabla ya siku ya uteuzi, na isifanane na ya chama. Wilbaro ya UDA uliyoiongezea gurudumu bado ni wilbaro. Ada ya 2022 ilikuwa shilingi 5,000 kwa MCA, 20,000 kwa mbunge, 200,000 kwa rais, nusu yake kwa wanawake, vijana na walemavu, na hairudishwi.

Inawezekana lakini. Kawira Mwangaza alichukua ugavana wa Meru 2022 bila chama, na 2017 wagombea 3 kati ya 8 wa urais walikuwa huru. 2022 walibaki wanne kwa karatasi ya urais, huru hakuna hata mmoja.

Jambo la mwisho, ambalo wabunge wenyewe hutuuliza: ukichaguliwa ukiwa huru halafu ujiunge na chama, Kifungu cha 103 kinakuondolea kiti. Kupiga kura pamoja na chama bungeni ruhusa, kadi yao usichukue.