Klachi ya haidroliki: kinachotokea ukikanyaga pedali, na kwa nini wakati mwingine hakitokei

Klachi ya haidroliki ni ile inayosukumwa kwa mafuta ya breki badala ya kuvutwa kwa waya. Ukikanyaga pedali, fimbo yake inasukuma pistoni ndani ya masta ya juu, silinda ndogo iliyo karibu na pedali. Mafuta yanapita kwenye bomba jembamba hadi masta ya chini, silinda ya pili iliyofungwa kwenye gia boksi, na pistoni ya huko inasukuma uma, yaani mkono wa chuma wa klachi. Uma unasogeza beringi, presha pleti, sahani inayobana, inaiachia klachi pleti, ile inayounganisha injini na gia boksi, na gia inaingia bila kelele.

Mfumo huu unafanya kazi kwa sababu mafuta hayabonyei. Hewa inabonyea. Jaza maji kwenye bomba la sindano, ziba mdomo wake, sukuma: haliendi. Rudia likiwa na hewa nusu uone. Ndivyo inavyokuwa upepo ukiingia kwenye klachi: mguu unafika chini, uma haujasogea vya kutosha.

Ndiyo maana nasisitiza sana kwamba gia boksi isishushwe kabla ya kukagua mafuta. Haidroliki ikiharibika, mara nyingi klachi haiachii: gia zinakwaruza, rivasi inagoma, gari linataka kuondoka na pedali umeikanyaga mpaka mwisho. Klachi inayoteleza, yaani injini inanguruma lakini mwendo hauongezeki, kwa kawaida ni pleti iliyokwisha. Hilo ni tatizo jingine.

Anza na kopo la mafuta ya breki. Kwenye magari mengi klachi na breki zinatumia kopo moja, kwa hiyo mafuta yakipungua usiahirishe. Kisha inua zulia chini ya pedali, upanguse kwa karatasi nyeupe pale fimbo inapoingia kwenye ukuta wa chuma mbele ya pedali. Ikilowa, masta ya juu inavuja. Chini ya gari, kunja ukingo wa mpira wa vumbi wa masta ya chini. Mafuta yakichuruzika, mpira wa ndani umekufa. Baadhi ya magari yana masta ya chini ndani kabisa ya kava la klachi, na hapo utaona tu matone kwenye maungio ya injini na gia boksi. Hiyo si kazi ya nyumbani.

Kama hakuna unyevu popote, kanyaga pedali polepole uishikilie. Ikizama yenyewe, masta ya juu inarudisha mafuta kwa ndani. Ikiwa laini lakini inakazana ukiipampu mara kadhaa, shuku upepo.

Kutoa upepo kunahitaji watu wawili. Gari likae juu ya stendi, kamwe si jeki peke yake. Vaa miwani, na usiruhusu mafuta haya yaguse rangi ya gari, yanaibabua. Chomeka mpira mwembamba kwenye nipo (skrubu ndogo yenye tundu ya kutolea upepo) ya masta ya chini, ncha yake izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Mwenzako akanyage na kushikilia; fungua nipo kwa spana ya ringi, viputo vitoke, funga, ndipo aachie. Akiachia kabla hujafunga, hewa inarudi na kazi inaanza upya. Pedali ikibaki chini, ainyanyue kwa mkono. Kopo lisikauke hata mara moja.

Tumia mafuta ya breki yaliyoandikwa kwenye kifuniko, mara nyingi DOT 3 au DOT 4, kutoka chupa mpya, kwa sababu yananyonya unyevu wa hewani. Oili ya injini inavimbisha raba zote, nawe utalazimika kubadilisha masta zote mbili, na breki pia kama kopo ni moja.

Ukimaliza, washa injini, kanyaga mpaka mwisho, subiri sekunde chache, ingiza rivasi. Ikikwaruza bado, tazama uma wakati mwenzako akikanyaga. Uma ukisogea kidogo tu, rudi kwenye masta. Uma ukisogea umbali wote unaotakiwa, sasa gia boksi ina sababu ya kushuka.