Hatoki jasho, sio kwamba hana joto

Kwenye mazoezi ya wilichea huwa nasikia mtu anasifiwa, "huyu jamaa mashine, kazunguka uwanja wote hajatoa hata tone la jasho", na mwenyewe anacheka, sasa mimi mtu wa fiziotherapia hapo ndo naanza kuogopa. Amri ya kutoa jasho inatoka kwenye ubongo inapita kwenye uti wa mgongo, uti ukiumia amri inaishia palepale, chini ya hapo ngozi inabaki kavu huku joto la ndani linapanda. Aliyeumia kiunoni bado ana uso, kifua na mikono ya kumsaidia. Aliyeumia shingoni karibu hana kitu.

Raga ya wilichea, ule mchezo ulioanzia Kanada miaka ya 1970 kwa ajili ya watu walioumia shingo, wachezaji wanapuliziwa maji usoni kila wakipumzika, na hao wako ndani ya ukumbi, sembuse sisi tunaochezea kwenye sakafu ya sementi Dar, Januari, saa nane mchana!

Kwahiyo jasho mpe wewe. Chukua ile chupa ya kupulizia ya saluni, jaza maji, pulizia uso, shingo na mikono halafu mpepee au washa feni, maana maji bila upepo yanakaa tu juu ya ngozi, hasa huku pwani hewa yenyewe imeshalowa. Anza kumpoza kabla hajapata joto. Ila barafu usiweke moja kwa moja kwenye mguu usio na hisia, itamuunguza na hatajua, ifunge kwenye taulo. Vyuma vya kiti kilichoachwa juani ni hivyohivyo.

Halafu kuna wanaopunguza maji makusudi kukwepa usumbufu wa mkojo. Nawaelewa, vyoo vyenyewe kiti hakiingii, lakini ukikauka hali inakuwa mbaya zaidi. Na baadhi ya dawa za kutuliza kibofu zinapunguza hata hako kajasho kaliobaki, muulize daktari, usiache mwenyewe.

Akianza kuchanganya maneno au kizunguzungu, simamisha mazoezi, kivulini, maji mwili mzima, hospitali.

Ila aliyeumia juu, kuanzia kifuani kwenda shingoni, akitoka jasho usoni ghafla na kichwa kinamgonga vibaya, usidhani ni joto, hiyo inaweza kuwa presha imepanda. Mkalishe wima, legeza mikanda, angalia mpira wa mkojo kama umejikunja, isipotulia mkimbize hospitali.